Kupeleka Familia Kuteleza kwenye Alpi Theluji Inapokuwa Haba: Mwongozo Kamili

Safari yetu ya kwanza ya theluji ilikuwa wiki ya Krismasi, katika kijiji kimoja cha jimbo la Tirol nchini Austria, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na tulipofika tulikuta mlima wa kijani. Katikati ya majani palikuwa na utepe mweupe wa theluji ya mashine, upana wake hauzidi barabara ya mtaani, na watu walikuwa wamebanana juu yake kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga na ambaye siku hiyo alikuwa amevaa makoti mawili, alitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, pesa zote zile mmelipa kuja kutazama majani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nyumba, pasi za lifti (ile mitambo ya kupandisha watu mlimani), vifaa na masomo ya watoto nilikuwa nimevilipia miezi mitano kabla, tena kwa bei nafuu isiyorejeshwa.

Mwongozo huu ni kwa familia zinazoishi Ulaya, au zinazowatembelea ndugu walioko huku, na zinazotaka kwenda kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni, kwenye milima ya Alpi katika msimu ambao theluji haina uhakika. Unazunguka jambo moja tu: katika msimu mbaya, wanaofurahi ni wale waliojiachia nafasi ya kubadili mlima, siku na saa bila kupoteza fedha. Uhaba wenyewe si jambo geni kabisa. Mwaka 1964, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Innsbruck, theluji ilikosekana hadi jeshi la Austria likaisomba kutoka sehemu za juu, mita za ujazo zipatazo 40,000, ili miteremko ya mashindano ifunikwe. Tofauti ni kwamba siku hizi hali hiyo inajirudia mara nyingi zaidi. Mnamo Januari 2023, mbio za skii za Kombe la Dunia za Adelboden, Uswisi, zilifanyika juu ya ukanda mweupe uliopita katikati ya malisho ya kijani.

Hatua ya kwanza: chagua kimo kabla ya kuchagua nyumba

Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na ndiyo maana mtu wa Tanga hutafuta sweta anapopanda Lushoto. Kwa hiyo, siku ambayo kijiji cha mita 800 kina nyuzi 7 na mvua inanyesha, kwenye mita 2,800 joto linaweza kuwa nyuzi 6 chini ya sifuri, na mvua ileile inaanguka huko ikiwa theluji kavu. Utabiri wa hali ya hewa wa milimani hutaja kimo ambacho joto linafika sifuri. Chukua namba hiyo, toa mita 300 hivi, nawe utapata makadirio ya mahali ambapo theluji itaanza kushika. Wakitaja sifuri kwenye mita 2,000, tarajia theluji kuanzia mita 1,700 na mvua chini yake.

Matangazo ya biashara hupenda kutaja kilele, lakini familia yenye watoto wanaoanza haikai kileleni. Swali la kuuliza ni hili: uwanja wa wanaoanza, wenye mkanda unaotembea wa kuwapandisha watoto, uko kwenye kimo gani? Katika vijiji vingi vya chini, kama Kitzbühel ulio kwenye mita 760 hivi au Les Gets wa Ufaransa kwenye mita 1,172, viwanja vingi vya wanaoanza viko chini, na huko ndiko theluji inakoondoka mapema. Vijiji vilivyojengwa juu vina nafuu kubwa: Val Thorens kwenye mita 2,300, Tignes kwenye mita 2,100, Kühtai kwenye mita 2,020 na Obergurgl kwenye mita 1,930. Huko mtoto anaweza kutoka mlangoni akakanyaga theluji hata katika mwaka mbaya.

Juu zaidi kuna barafuto, yaani ile mito ya barafu inayodumu mwaka mzima na kusogea polepole mno. Zermatt ya Uswisi hufikisha watu mita 3,883 kwa gari la kebo, na Hintertux ya Austria hufika mita 3,250. Kote kuwili watu huteleza hata katika majira ya joto. Kwa familia mimi huipendekeza zaidi barafuto ya Stubai, karibu na Innsbruck, kwa sababu eneo lake la watoto liko Gamsgarten, mita 2,600, wala halitegemei theluji ya bondeni.

Hata hivyo, kimo nacho kina gharama yake. Juu ya msitu hakuna miti, na wingu likishuka huoni tofauti kati ya ardhi na anga. Mtoto wa miaka sita akipoteza mwelekeo namna hiyo huketi chini akalia, na hana kosa. Kuna pia upepo. Innsbruck inajulikana kwa Föhn, upepo wa kusini unaovuka safu ya milima na kushuka upande wa pili ukizidi kupata joto, nyuzi moja hivi kwa kila mita 100. Siku ya Föhn lifti za juu hufungwa kwa sababu ya upepo, huku theluji ya chini ikiyeyuka. Kwa hiyo eneo linalofaa familia katika mwaka wa shida ni lile lenye sehemu ya juu kwa siku tulivu na sehemu ya kati yenye msitu kwa siku za upepo.

Tazama pia mteremko unaelekea wapi. Katika nusu hii ya dunia jua la majira ya baridi hupita kusini, hivyo miteremko inayoelekea kaskazini hukaa kivulini na kutunza theluji wiki kadhaa zaidi ya ile inayoelekea kusini kwenye kimo hichohicho. Vilevile Alpi hazipati theluji kwa pamoja: hewa yenye unyevu ikitoka kaskazini-magharibi, upande wa Arlberg, magharibi mwa Austria, na Tirol ya kaskazini hujaa, na ikitoka kusini wanaofaidika ni Italia, Ticino ya Uswisi na Tirol ya Mashariki. Mara kadhaa nimeona familia zikilalamika kuwa mwaka huu hakuna theluji, ilhali upande wa pili wa mlima watu walikuwa wakifukua magari.

Hatua ya pili: lipa kwa namna inayokuruhusu kugeuka

Nyumba ndiyo gharama inayofunga mikono kuliko zote. Tafuta yenye sharti la kughairi bila malipo hadi siku chache kabla ya kufika, hata kama bei yake iko juu kidogo. Ukosefu wa theluji peke yake kwa kawaida haukupi haki ya kurejeshewa fedha, kwani mwenye nyumba amekuuzia chumba, hajakuuzia hali ya hewa. Pasi za lifti nazo hazirejeshwi kwa sababu tu nusu ya njia za kutelezea zimefungwa. Katika maeneo makubwa ya Austria tiketi ya mtu mzima kwa siku moja imevuka yuro 70, hivyo pasi ya siku sita kwa watu wanne si fedha ya kucheza nayo. Mwaka wenye mashaka, nunua pasi siku kwa siku, au ya saa chache, au ile inayokubaliwa katika maeneo kadhaa ya jirani. Punguzo utakalolikosa ni dogo kuliko siku tatu za kutazama mvua dirishani na pasi mfukoni.

Kama mnaweza kuchagua tarehe, epukeni Krismasi na Mwaka Mpya. Wakati huo mashine za theluji mara nyingi hazijapata usiku wa kutosha wenye baridi, na bei ziko juu kuliko wakati wowote. Mwishoni mwa Januari theluji huwa imejilimbikiza zaidi na watu wamepungua. Februari ina theluji nzuri lakini pia ina likizo za shule za Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na sehemu za Ujerumani, zinazoangukiana. Wengi hubadilishana nyumba Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo barabara za kuingia mabondeni husongamana huku miteremko ikibaki na watu wachache. Sisi husafiri Ijumaa au Jumapili, na Jumamosi tunateleza.

Mpango ambao mimi huurudia kila mara ni kulala Innsbruck mjini. Mji uko kwenye mita 574 na mara nyingi hauna theluji hata kidogo, lakini kutoka hapo mabasi huenda Stubai, Kühtai, Axamer Lizum na Patscherkofel. Asubuhi unatazama kamera za milimani, unaamua, unapanda basi. Ni kweli kwamba kufika barafuto ya Stubai kunachukua zaidi ya saa moja, na kumwamsha mtoto gizani ni kazi. Wakaao Neustift, ndani ya bonde la Stubai, wana safari fupi zaidi. Ila kwa familia yenye bibi asiyetaka kuteleza, mji wenye maduka, tramu na mikahawa ni rehema.

Hatua ya tatu: isome taarifa ya theluji kwa jicho la mnunuzi

Taarifa rasmi za maeneo haya hutoa kina cha theluji mara mbili, kileleni na bondeni. Cha kileleni hupimwa mahali pamoja, na hakuna anayelazimika kuchagua mahali pabaya. Kwa hiyo usisimame hapo. Tazama tarehe ya theluji ya mwisho kuanguka. Tazama kilomita za njia zilizofunguliwa kati ya zote. Kisha tafuta mstari unaosema kama njia ya kushukia hadi kijijini imefunguliwa. Ikiwa imefungwa, maana yake alasiri wote walioko juu watashuka kwa gari la kebo lilelile, na foleni ya saa tisa na nusu ukiwa na watoto wawili waliochoka, mmoja anayetaka chooni na mwingine aliyepoteza glavu, ni mtihani. Siku kama hiyo shukeni saa nane.

Kamera za moja kwa moja husema kweli kuliko tarakimu. Zitazame saa tisa alasiri badala ya asubuhi, kwani asubuhi theluji imetoka kusawazishwa na mitambo ya usiku na kila kitu kinang'aa. Alasiri utaona mabaka ya udongo, rangi ya kijivu ya theluji iliyolowa, na msongamano ulivyo.

Inafaa pia kuelewa theluji ya mashine, kwa kuwa ndiyo mtakayoteleza juu yake. Mzinga wa theluji hurusha matone madogo ya maji hewani ili yagande kabla ya kutua, na uwezo wake hautegemei joto pekee, unategemea na ukavu wa hewa. Kanuni yake ni ileile ya mtungi: maji ya mtungini hupoa kwa sababu sehemu yake hupotea kama mvuke, na hewa ikiwa kavu hupoa zaidi. Watu wa fani hupima joto kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, na kipimo hicho kikishuka hadi nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, mizinga huwashwa. Kwa sababu hiyo, usiku wa nyuzi 1 juu ya sifuri wenye hewa kavu sana unaweza kutoa theluji, na usiku wa nyuzi sifuri wenye ukungu usitoe kitu. Ukiona utabiri wa siku tatu za anga safi na usiku wa baridi kali, usihuzunike kwamba theluji haianguki. Mizinga inafanya kazi. Theluji yake ni nzito na ngumu kuliko ya mbinguni, inadumu, lakini ikisuguliwa na watu wengi hugeuka kioo.

Hatua ya nne: bima, viza na gari

Bima nyingi za safari huondoa michezo ya theluji isipokuwa umeilipia nyongeza, kwa hiyo soma maandishi madogo ukitafuta neno skii lenyewe. Nchini Austria, helikopta ikimchukua aliyeumia katika mchezo, ankara humrudia mwenyewe, nayo hufika maelfu ya yuro, ilhali bima ya kawaida ya afya mara nyingi hailipi uokoaji wa mlimani. Uanachama wa Österreichischer Alpenverein, chama cha wapanda milima cha Austria, unakuja na bima ya uokoaji. Nchini Italia sheria inamtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara kwa mtu mwingine tangu Januari 2022. Baadhi ya bima za Uingereza hulipa fidia njia zikifungwa kwa kukosa theluji, lakini kwa masharti ya tarehe, kimo na kiasi cha njia zilizofungwa. Usiihesabu kama fedha iliyo mkononi.

Kwa bibi au babu anayetoka Afrika Mashariki, maombi ya viza ya Schengen hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni lazima. Viza hiyo inatosha kwa Austria, Uswisi, Ufaransa na Italia, jambo linalosaidia sana mkiamua kuvuka mpaka kufuata theluji.

Waendao kwa gari wasidanganywe na kukosekana kwa theluji barabarani. Austria inataka matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara zinapokuwa na theluji au barafu, na wilaya za milimani za Ufaransa zinataka matairi hayo, au minyororo, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Theluji inayosubiriwa wiki tatu inaweza kuanguka usiku mmoja, mkiwa kwenye kona za kupandia.

Hatua ya tano: kodi vifaa, usinunue

Theluji ikiwa nyembamba, mawe hutokeza na kukwaruza chini ya skii. Kwa hiyo mwaka mbaya ni mwaka wa kukodi, na ukifika dukani sema wazi kwamba hutaki skii mpya kabisa, kisha lipia ile bima ndogo ya uharibifu. Waombe wanoe kingo za chuma, kwa sababu juu ya theluji ngumu ya mashine kingo butu hazishiki, na mtu anayeanza huteleza ubavu hadi kwenye uzio. Wakati mwingine fundi husema za watoto hazihitaji kunolewa kwa kuwa ni wepesi. Mwombe azinoe vilevile.

Skii za mtoto anayeanza zifike kidevuni, zisizidi pua. Viatu ndivyo vinavyoamua kama siku itakuwa njema: vipimwe kwa sentimita, vivaliwe na soksi moja ndefu nyembamba, na vidole viguse mbele mtoto akisimama wima lakini virudi nyuma akikunja magoti. Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kuwavika watoto soksi mbili za sufu tukidhani tunawapa joto. Zilikunjamana, zikabana damu, na miguu ikawa baridi kuliko ya wenzao. Mhudumu atauliza uzito, urefu na umri wa kila mtu, kwani kwa hesabu hiyo hurekebisha kifungo kinachoachia kiatu mtu anapoanguka. Mpe namba za kweli, hata kama shemeji yuko nyuma yako kwenye foleni.

Kofia ngumu si hiari. Italia imeiamuru kisheria, na kwingine theluji ngumu yenyewe inaiamuru. Miwani na losheni ya jua ni kwa kila mtu, na hapa naomba wenzangu wenye ngozi nyeusi wanisikilize: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Jicho huungua bila kujali rangi ya ngozi. Mtoto aliyekaa siku nzima juu ya barafuto bila miwani anaweza kuamka usiku akilia kwamba ametiwa mchanga machoni.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Fika lifti zinapofunguliwa, saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi. Theluji haba maana yake ni njia chache, na njia chache maana yake ni watu wote mahali pamoja; saa mbili za mwanzo, kabla mteremko haujakwanguliwa, zina thamani kuliko alasiri yote. Kuna asubuhi moja ya kuchelewa kwa makusudi: ile inayofuata siku ya joto na usiku wa baridi kali, ambapo theluji iliyoyeyuka imeganda kuwa sahani ngumu. Siku hiyo kunyweni chai hadi saa nne, jua lilainishe juu.

Kwa mtoto anayeanza, mlipie masomo ya shule ya skii angalau siku tatu mfululizo, na uulize kabla ya kulipa: uwanja wenu ukifungwa, mnawapeleka watoto wapi, na nani analipia usafiri? Shule nzuri huwapandisha juu kwa gari la kebo na kuwarudisha. Usimfundishe mwenyewe kwenye ukanda wenye msongamano. Wetu walipoanza kulalamika kwamba mchezo huu si wa watu kama sisi, mama yao aliwaonyesha picha za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya 2018. Mdogo aliuliza kama naye alianguka siku ya kwanza, kisha akavaa viatu.

Rangi za njia zisikupumbaze siku hizi. Ufaransa ina kijani kwa rahisi kabisa, kisha buluu, nyekundu na nyeusi, na Austria, Uswisi na Italia huanzia buluu. Rangi hupewa njia kwa mwinuko wake, haibadiliki inapoganda. Njia ya buluu iliyokwanguliwa hadi barafu ni ngumu kuliko nyekundu yenye theluji laini, kwa hiyo shukeni ngazi moja chini ya uwezo wenu. Katika kanuni kumi za mwenendo za shirikisho la kimataifa la skii, wafundishe watoto mbili kwa moyo: aliye juu ndiye anayempisha aliye chini, na hairuhusiwi kusimama mahali pembamba au pasipoonekana kutoka juu. Anayeanguka avute pumzi, kisha asogee pembeni.

Pembeni kwenyewe uwe mwangalifu. Ukanda wa theluji ya mashine huishia ghafla kwenye majani, na skii ikigusa majani husimama papo hapo huku mwili ukiendelea. Waambie watoto wabaki mita mbili ndani ya ukingo.

Mnapokuwa juu ya mita 2,500, tembeeni polepole siku ya kwanza, kunyweni maji, na mtoto akilalamika kichwa au kutapika, shukeni. Chakula nacho kina mitego kwa Waislamu: tambi za jibini za kibanda cha mlimani kwa kawaida hazina nyama, lakini madonge ya Tirol mengi yana nyama ya nguruwe ya moshi, na jibini ya kuyeyushwa ya Uswisi hupikwa na divai nyeupe. Sisi hubeba chapati na mayai, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Alasiri ikipata joto theluji hugeuka uji mzito, skii hukwama, na magoti hujipinda. Ikifika hali hiyo funga siku, hata kama ni saa saba na pasi inasema hadi saa kumi. Wengi huumia katika mteremko waliouita wa mwisho.

Theluji kidogo haimaanishi hatari ndogo

Baba mmoja aliwahi kuniambia kwamba mwaka huo hakuna maporomoko kwa sababu hakuna theluji. Si hivyo. Theluji nyembamba inapokaa wiki nyingi chini ya anga baridi, punje zake hubadilika kuwa kama sukari isiyoshikana, na tabaka jipya likianguka juu yake hulala kwenye msingi usioshika. Tahadhari za maporomoko hutolewa kila siku kwa kipimo cha 1 hadi 5. Familia ya wanaoanza haina sababu ya kutoka nje ya njia zilizowekewa alama, na juu ya barafuto sababu hiyo haipo kwa yeyote asiye na mwongozaji, kwani nyufa za barafu hufunikwa na theluji nyembamba isiyobeba uzito wa mtu.

Ajali ikitokea, chomekeni skii mbili kwa kupishana juu ya majeruhi ili wanaoshuka wawaone, kisha pigeni 112. Austria kuna pia 140 ya waokoaji wa mlimani, na Uswisi 1414 ya helikopta za Rega. Kila nguzo ya njia ina namba. Isomeni kwanza, ndipo mpige.

Siku ambazo hakuna skii kabisa

Zipangeni kabla ya safari, maana siku ya mvua iliyokosa mpango huishia kwenye simu na ugomvi. Kutoka katikati ya Innsbruck unaweza kupanda Nordkette hadi zaidi ya mita 2,200 kwa reli na magari ya kebo, bila kuvaa skii. Mama yangu alipofika juu akakaa benchini na kupiga simu Tanga, akasahau majani yote. Kuna bustani ya wanyama wa Alpi, mnara wa kurukia skii wa Bergisel, na pango la barafu ndani ya barafuto ya Stubai ambalo watoto hulipenda. Mvua ikizidi, bwawa la ndani la Telfes au chemchemi za maji moto za Längenfeld humaliza siku vizuri. Njia za sledi, kile kitoroli cha kuteleza kwa kukaa, nyingi ziko chini na huyeyuka mapema, kwa hiyo piga simu kabla ya kumwahidi mtoto.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho, tazama tena kamera na utabiri. Kama mlima hauvutii, rudisha vifaa jioni hiyohiyo, kwani maduka mengi hupokea kuanzia saa tisa au kumi na hayakutozi siku inayofuata. Fungua viatu vyako mwenyewe, toa soli za ndani zikauke usiku, na hesabu glavu kabla ya kufunga begi. Kwetu hubaki ya kushoto.